ULIZA UJIBIWE: Laiki kibao, oda hamna

Inboksi yangu imejaa maswali ya wenye biashara ndogo, mafundi, wenye maduka, wanaouza kwa oda wakiwa nyumbani, na karibu wote wanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: mtandaoni tumeshaingia, sasa hela inaingiaje? Nimechagua machache, yaliyofanana nimeyaunganisha. Kama lako halipo soma la mwenzio, majibu yanaingiliana.

Anti habari za kazi. Mi ni fundi cherehani, nashona magauni na nguo za watoto. Nina peji Instagram na Facebook, naposti kila siku, laiki napata na komenti za "kazi safi" haziishi, ila oda za kutoka huko ni za kuhesabu. Wateja wangu bado ni wale wale wanaopita mlangoni. Nakosea wapi? – Fundi wa laiki

Salama fundi. Peji uliyoniachia nimeipitia, na kazi yako nzuri sana, mishono imenyooka na picha zinaonekana vizuri, kwahiyo tatizo sio mkono wako. Ngoja nikwambie anachokiona mteja. Kuna lile gauni la njano lenye marinda kiunoni, chini umeandika "Tunashona nguo za kila aina karibuni sana" alafu hashtegi mistari minne. Mtu kauliza bei gani, umemjibu "njoo inboksi". Mwingine kauliza mnapatikana wapi, mpaka leo hujamjibu. Watu wawili walikuja na pochi mkononi, mmoja umemzungusha na mwingine umemnunia, alafu unashangaa oda hamna!

Hii "bei njoo inboksi" najua imezoeleka na najua sababu zenu, mnaogopa mshindani asijue bei au mnaona mteja akija inboksi mtamshawishi vizuri zaidi. Mshindani wako bei yako anaijua siku nyingi, akitaka atajifanya mteja na utamtajia mwenyewe. Asiyejua ni mnunuzi, na akiambiwa njoo inboksi anawaza mawili, ama ni ghali sana ndo maana inafichwa, ama bei inapangwa kwa kuangalia sura ya mtu. Anapita zake. Kama bei yako inabadilika kulingana na kitambaa na saizi andika inaanzia ngapi na nini kinaipandisha, inatosha.

Ile posti ya gauni la njano ingekuwa mimi ningeandika hivi: "Gauni la mtoto wa miaka 4 hadi 6, kitambaa cha pamba hakichuji. Bei ni hii. Ukishanitumia vipimo nalimaliza ndani ya siku 3, nusu unalipa mwanzo nusu ukipokea. Nipo mtaa fulani, mbali natuma. Oda WhatsApp namba hii." Yani mtu akimaliza kusoma hana swali lililobaki zaidi ya "naomba la rangi ya bluu". Na linki ya WhatsApp weka kwenye maelezo ya akaunti kule juu, sio chini ya picha, maana Instagram linki ya chini ya picha haibonyezeki. Kuitengeneza ni bure, andika wa.me/ alafu namba yako ukianza na namba ya nchi, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele. Mtu akibonyeza anaangukia moja kwa moja kwenye chati yako, hana haja ya kukuseivu kwanza.

Alafu fanya utafiti mdogo, fungua majina ya wanaokulaiki uangalie ni kina nani. Nilipochungulia naona wengi ni mafundi wenzako, wanapenda mshono, hawatakuja kushonewa. Mnunuzi wako ni mzazi, na mzazi hamsumbui mambo ya marinda, anataka kujua kama nguo itawahi sherehe, kama ikibana utairekebisha, na kama kitambaa kinawasha. Posti hayo. Kila siku sio lazima, hata mara tatu kwa wiki ila ukijibu komenti siku hiyo hiyo utaona tofauti, maana anayeuliza saa mbili usiku keshauliza na kwa wengine wawili, na anayejibu kwanza mara nyingi ndo anachukua hela.

Mwanangu hujambo? Nina duka la stesheneri na vifaa vya shule. Binti yangu ananisumbua nihamie WhatsApp ya biashara, mimi naogopa meseji na namba zangu zitapotea. Na je inalipiwa? Halafu nikituma tangazo kwa wateja wangu wote kwa mkupuo, baadhi wanasema hawajaliona kabisa. – Mama Stesheneri

Shikamoo mama. Binti yuko sahihi, msikilize. WhatsApp Business ilitoka mwaka 2018 na kwa mwenye duka kama wewe programu ni ya bure, ya kulipia ni ile ya makampuni yanayounganisha na mitambo yao. Kwanza hifadhi nakala ya meseji zako, iko kwenye mipangilio sehemu ya chati, alafu pakua programu mpya uweke namba ile ile. Yenyewe itakuuliza kama uhamishe akaunti, ukikubali meseji zinahamia, na namba za watu zipo kwenye simu yako sio kwenye WhatsApp kwahiyo haziendi popote. Jambo moja tu, namba moja haikai kwenye WhatsApp ya kawaida na ya biashara kwa pamoja. Kama unataka ya nyumbani ibaki ya nyumbani, tafuta laini ya pili, simu inaweza kuwa hiyo hiyo moja.

Faida yake kwa duka lako ni katalogi, unaingiza bidhaa hadi 500 kila moja na picha na bei. Anza na zile zinazoulizwa kila siku, usijichoshe kuingiza duka zima. Kuna na majibu ya haraka, unaandika mara moja "tunafungua saa fulani, tupo mahali fulani, malipo namba hii" ukaliita jibu hilo "duka", siku nyingine ukiandika alama ya mkwaju na neno duka linajiandika lote. Na lebo za rangi, hizo mama ndo nazipenda kuliko vyote, unamuwekea mteja lebo "bado hajalipa" au "mzigo haujachukuliwa", jioni unafungua lebo moja unawaona wote waliobaki, daftari unaliacha lipumzike.

Sasa hilo la tangazo kutoonekana. Orodha ya kutuma kwa mkupuo inabeba watu 256 tu, na meseji inamfikia yule peke yake aliyeseivu namba yako kwenye simu yake. Ambaye hajakuseivu haipati, na wewe huambiwi. Kwahiyo kila anayenunua mwombe pale pale aseivu namba, mpe na sababu, mwambie shule zikikaribia kufungua utamtumia bei mapema. Stetasi nayo usiidharau japo inakaa saa 24 tu ikapotea, watu wanaangalia stetasi kuliko wanavyokiri.

Ila tafadhali usifungue kundi ukawarundika wateja wote humo bila kuwauliza. Kila mmoja anaona namba ya mwenzie, wengine hawataki, na baada ya wiki utakuta mtu anauza bidhaa zake kwenye kundi lako mwenyewe. Kitu kingine jaribu hiki, mwambie mzazi apige picha ile orodha ya vifaa aliyopewa na shule akutumie, we unapanga kila kitu kwenye mfuko unaandika jina la mtoto juu, akija ni kulipa na kubeba. Wakati shule zinafungua na foleni imefika nje hiyo huduma inauza kuliko punguzo la bei.

Anti mambo. Natengeneza friji na mashine za kufulia, sina ofisi, naenda kwa wateja. Watu wananiambia wakitafuta fundi Google wanaona wengine tu. Nifanye tovuti? Na kuna jamaa kanipaka vibaya mtandaoni, naweza kufuta? – Fundi wa kuitwa

Poa kabisa. Swali lako nalipenda kwasababu watu wengi wanakimbilia Instagram bila kujiuliza mteja anakuja na hali gani. Gauni linatamaniwa, friji inaharibika. Anayetamani yuko anaperuzi picha, lakini ambaye nyama inachuruzika maji kwenye friji hana muda wa kuperuzi, anaandika "fundi friji karibu nami" na anampigia wa kwanza au wa pili kwenye orodha. We mahali pako ni Google, video za kucheza TikTok achana nazo kwa sasa.

Tovuti bado. Fungua Google Business Profile, ile iliyokuwa inaitwa Google My Business mpaka 2021, ni bure. Kwa kuwa huna ofisi unaficha anwani unaweka maeneo unayoyahudumia. Watataka uthibitishe kwamba biashara ni ya kweli, siku hizi mara nyingi wanaomba video fupi, kwahiyo andaa vifaa vyako na chochote kinachoonyesha hiyo kazi ni yako. Jina andika la biashara kama lilivyo, usiandike "Fundi Bora Friji Mashine Bei Poa Haraka", ni kinyume na sheria zao na wanaweza kukusimamishia akaunti. Google wenyewe wanasema wanapanga matokeo ya karibu kwa vitu vitatu, huduma yako inaendana vipi na kilichotafutwa, umbali, na unajulikana kiasi gani. Umbali huna la kufanya. Hivyo viwili vingine ni kazi yako, chagua kundi sahihi la huduma, taja aina za mashine unazotengeneza, weka picha za kazi halisi na uombe maoni.

Maoni yanaombwa pale pale friji inapoanza kuunguruma na mteja anatabasamu, sio kesho. Mtumie linki kwenye WhatsApp ukiwa bado unakusanya bisibisi zako, mwambie aandike ulitengeneza nini. Usimpe zawadi wala punguzo ili akuwekee nyota, hilo limekatazwa, na usiwaandikishe ndugu zako, yanajulikana tu, wote wanaandika "huduma nzuri sana" siku moja.

Huyo aliyekuchafua huwezi kumfuta, unaweza kuripoti kama katukana au sio mteja wako kabisa, wao ndo wataamua. Kama kweli ulienda kwake jibu hadharani kwa upole, kwa mfano "Samahani kwa usumbufu, kompresa ilileta shida tena baada ya siku mbili na nilichelewa kurudi. Naomba nije niiangalie bila malipo ya ufundi, nipigie." Hujibu kwa ajili yake yeye, unajibu kwa ajili ya mtu mwingine atakayesoma mwakani akiwa anaamua akuite au asikuite. Na mi nikiona fundi ana nyota tano tupu bila lawama hata moja naingiwa na wasiwasi.

Nimelipia kubusti posti, wameniambia imefikia watu maelfu, hela imekatwa na simu haijalia hata mara moja. Ni utapeli? – Mwenye duka la viatu

Sio utapeli, umenunua ulichokiagiza bila kujua umeagiza nini. Mfumo wa matangazo unafuata lengo ulilochagua, ukichagua watu waione au walaiki unaletewa watu wenye tabia ya kulaiki, na hao wapo wengi na ni rahisi. Chagua lengo la meseji, mtu akibonyeza anafungua WhatsApp yako. Alafu angalia eneo, kama huna uwezo wa kutuma mzigo mbali kwanini tangazo lionekane nchi nzima? Chora duara la mahali unapofika.

Kabla ya kulipia tena angalia posti ipi iliuza yenyewe bila hela, hiyo ndo ya kuisukuma. Posti iliyolala bure italala na ukiilipia. Anza na hela ndogo ambayo ikipotea hutagombana na mtu nyumbani, tumia picha mbili tofauti kwa maelezo yale yale, siku chache tu utaona ipi inaleta meseji. Na hesabu yako isiwe watu waliofikiwa, chukua hela yote uliyolipia tangazo gawanya kwa wateja walionunua, alafu linganisha na faida ya jozi moja. Ikizidi faida, zima. Muulize kila mteja mgeni alikuona wapi, andika.

Kuna siri ambayo sio siri, Meta, wale wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, wana ukurasa wa wazi unaitwa Ad Library, unaingia unaandika jina la biashara yoyote unaona matangazo yanayoendelea kulipiwa sasa hivi na kila moja lilianza lini. Mshindani ambaye tangazo moja kaliacha miezi inawezekana sana linamlipa, nenda kasome ameandika nini.

Kuna mtu anauza wafuasi elfu kumi, ninunue peji ionekane ya maana?

Hapana. Unanunua akaunti za bandia ambazo hazitanunua kitu, na peji ya elfu kumi yenye laiki sita kila mtu anaielewa.

Inboksi ya peji yangu imepata meseji, jina "Meta Support" na nembo ipo, wanasema nimevunja haki miliki na peji itafutwa ndani ya saa 24 nisipobonyeza linki. Nimechanganyikiwa anti, nibonyeze? – Muuza vipodozi

Usibonyeze! Hao ni matapeli, wanataka nywila yako. Meta wakiwa na neno na wewe utaliona ndani ya akaunti yako kwenye sehemu ya taarifa na hali ya akaunti, hawaji kama mteja anayeuliza bei. Haraka haraka ya saa 24 imewekwa ili usifikiri.

Ukiwa hapo hapo washa uthibitisho wa hatua mbili, yani kufuli la pili la kuingilia, kwenye kila akaunti, Facebook, Instagram, na WhatsApp pia. Zile namba sita za uthibitisho zinazokuja kwa meseji usimpe mtu yeyote, hata akiwa rafiki yako, maana aliyeziomba pengine sio rafiki ila ni aliyemuibia rafiki akaunti. Muongeze mtu mmoja unayemuamini awe msimamizi wa pili wa peji, simu ikipotea usiwe umefungiwa nje ya biashara yako. Na mteja akikutumia skrinshoti ya kwamba amelipa, mzigo hautoki mpaka uone salio lako mwenyewe limepanda. Skrinshoti inatengenezwa kwa dakika mbili, na meseji ya malipo nayo inaweza kuandikwa na mtu.

Je tovuti bado zina maana au mitandao inatosha? – Wengi mmeuliza hili

Kwa mnaoanza, mitandao inatosha, hela ya tovuti nunua mzigo. Lakini msiweke kila kitu kwenye nyumba ya kupanga. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika vyote kwa pamoja kwa takriban saa sita, dunia nzima, na ambaye oda zake zote zilikuwa humo siku hiyo alikaa tu. Hiyo ilikuwa ya saa chache. Vine, mtandao wa video fupi, ilifungwa 2017, Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ya watu wa kawaida ikafungwa Aprili 2019, ukishakuwa na wafuasi kule hawahami na wewe. Na hata mtandao usipofungwa, sheria zinabadilika, Januari 2018 Facebook walitangaza wanatanguliza posti za ndugu na marafiki, za biashara zikashuka, wenye peji wakabaki wanaposti kwa watu wachache.

Kinachobaki chako ni orodha ya wateja, jina, namba, alinunua nini na lini, tena iliyoandikwa nje ya mtandao huo, kwenye daftari au faili unalohifadhi nakala yake sehemu mbili. Waombe ruhusa ya kuwatumia meseji na wasiotaka uwaache. Siku ukiwa na hela ya tovuti, jina la tovuti lisajiliwe kwa barua pepe yako mwenyewe na sio ya kijana aliyekutengenezea, linalipiwa kila mwaka, na nimeshapokea barua za kutosha za watu ambao fundi kahama na jina la biashara kaenda nalo.

Anti mi ni seremala, sipendi kabisa kujirekodi. Kila mtu anasema video ndo zinauza sa hivi. Hamna njia nyingine? – Seremala mwenye haya

Sura yako hakuna aliyeiomba. Rekodi mikono. Tegesha simu kwenye tofali au boksi la misumari, iwe wima, futa kioo cha kamera kwanza maana karakana ina vumbi na picha nyingi zinazoonekana za ukungu ni uchafu tu. Fanya kazi karibu na mlango mwanga uingie ubavuni. Anza na kiti kikiwa kimevunjika mguu, usianze na nembo wala "karibuni kwenye ukurasa wetu", mtu anaamua kukaa au kupita ndani ya sekunde za mwanzo kabisa. Alafu randa ikipita, gundi, kibano, msasa, mwisho mtu mzito anakalia. Nusu dakika imetosha. Maelezo andika juu ya video, mbao gani, siku ngapi, bei, wengi wanaangalia wakiwa wamezima sauti.

Muziki usihangaike nao. Akaunti ya biashara TikTok ina maktaba yake ya muziki iliyoruhusiwa kwa biashara, ukichomeka wimbo wowote unaoupenda wewe video inaweza kunyamazishwa. Acha sauti ya karakana yenyewe, ila mwambie jirani wa mashine ya kuranda akupe dakika mbili za utulivu.